Simu Inaita, Mashine Inazunguka

Mgeni yule hakubisha hodi wala hakupanga foleni. Aliwapita akina mama na ndoo zao, akampita mzee mmoja aliyekuwa amepakata kifuko cha mtama, akaingia moja kwa moja kwenye chumba cha mashine, akanyoosha mkono wa kushoto ukutani na kuzima swichi.

Mashine ya kusaga ikaguna, ikakohoa vumbi jeupe, ikasakama. Mkanda ulijikokota kidogo kwa uvivu, kisha ukasimama. Kimya kilichoingia kilikuwa kipana hata sauti ya Chenga, mwanamke mwendesha mashine, iliyozoea kupigana na ngurumo, ikasikika mpaka barabarani: "Lete tu, mama, tunasaga na kukoboa, njoo sasa hivi." Kichwa chake kilikuwa kimelala upande, simu ameibana kati ya sikio na bega, na mikono yote miwili ilikuwa kwenye mdomo wa mashine ikisukuma mahindi.

Alimalizana na mteja wa simuni, akamtazama mgeni kuanzia miguuni hadi utosini.

"Dada, umetumwa au umejituma?"

Mwanamke yule alikuwa mrefu, mtandio umemfunika bega na mkono wote wa kulia. Alionekana kushtuka kuliko wao. "Nisamehe," alisema. "Nilitaka kukuita kwanza, ila usingenisikia."

Foleni ilichemka. Muuza mkaa, ambaye mdomo wake haujawahi kupata mwenye ufunguo, alitangaza kwamba vichaa wa siku hizi wamekuwa nadhifu, wanajifunga mitandio na kutembelea watu kazini. Mwingine alitaka arudishiwe mahindi yake akasage kwingine. Walikuwa na haki ya kukasirika. Mashine ikizimwa ingali imeshiba haiwashwi tena hivi hivi. Unga hukwama ndani, na ni lazima ifunguliwe kifuniko, ikwanguliwe, isafishwe chekeche lake, ndipo ifungwe upya. Hiyo ni asubuhi nzima imekwenda na maji.

Chenga hakuwa mwepesi wa hasira. Jina hilo alipewa utotoni kwa umbo lake dogo, kama punje iliyovunjika, naye alilipenda, maana ukipepeta, pumba hupeperuka lakini chenga hubaki kwenye ungo. Aliipenda na mashine yake vilevile, jinsi mfugaji anavyompenda ng'ombe msumbufu mwenye maziwa mengi. Alijua inavyolia ikiwa na njaa na inavyolia ikivimbiwa. Asubuhi hiyo alikuwa na furaha zake, kwa kuwa mwenye mashine, ambaye wafanyakazi wote walimwita Tajiri, alikuwa anafungua mashine mpya upande wa sokoni na alihitaji msimamizi. Msimamizi angepewa chumba nyuma ya mashine hiyo, bure, chenye madirisha mawili na bomba la maji mlangoni. Chenga, mumewe na binti zao wawili walikuwa wakiishi chumba kimoja kilichopakana ukuta na karakana ya kuchomelea vyuma, na kodi yake ilikuwa inapanda kama mahindi msimu wa mvua. Ndiyo maana wiki nzima hiyo hakuna simu iliyoita mara tatu bila yeye kuipokea. Tajiri hakupenda simu iite mara tatu.

Sasa aliiweka simu kwenye rafu, akachukua spana. Mgeni akaomba asaidie. "Nimekuharibia, acha niharibikiwe na mimi," alisema, akapiga magoti upande wa pili wa mashine na kuanza kulegeza nati kwa mkono wa kushoto, moja baada ya nyingine, kwa mpangilio ule ule ambao Chenga mwenyewe angeufuata. Kifuniko kilipogoma alijisahau, akautoa mkono wa kulia chini ya mtandio ili kukishikilia. Ulikuwa na dole gumba na kidole cha mwisho. Hapo kati palikuwa na ngozi laini inayong'aa, kama masalia ya kitu kilichoyeyuka.

Muuza mkaa aliyaona hayo kutoka mlangoni. Aliwarudisha wenzake hatua mbili nyuma.

"Umeijulia wapi hii kazi?" Chenga aliuliza kwa sauti ndogo.

"Jana ulipokea simu ya mtu aliyetaka kujua kama mnasaga mtama uliolowa."

Chenga alikumbuka. Alikuwa amecheka na kumwambia huyo mtu akauanike kwanza, hapa si dobi.

"Ni mimi. Sina mtama wowote."

Walipokuwa wakikwangua unga ulioganda, mgeni alieleza. Alikuwa ndiye msagaji wa Tajiri kwenye mashine yake nyingine, kule ng'ambo ya mji. Namba ile ya simu alikuwa anaijua kwa moyo kwa sababu aliipokea yeye kwa miaka. Jana alikuwa amepiga ili aulize Tajiri hupatikana siku gani. Lakini Chenga alipoitika, nyuma ya sauti yake alisikia mashine, na haikuwa sauti ya mashine inayosikika kutoka nje au kutoka chumba cha pili. Ilikuwa sauti ya nafaka inaposhuka kooni, ambayo huisikii hivyo mpaka uwe umeinama juu yake. Akajua mikono ya yule anayeongea naye iko wapi. Ulimi ukamsaliti, akaropoka habari ya mtama, akakata.

"Nilijiona mimi ndiye ninayekusukuma," alisema. "Sikupata usingizi. Leo nimekuja, nakukuta vilevile."

"Mimi nimezoea, dada."

"Hata mimi nilikuwa nimezoea. Mtu hukatwa na alichokizoea."

Akasimulia yaliyobaki bila machozi, kama mtu anayeeleza njia. Mahindi yalikuwa yamekwama kidogo mdomoni, alikuwa anayasukuma, simu iko begani. Bega lilikuwa na jasho. Simu ikateleza. Ilikuwa simu ya kazi, mali ya Tajiri, na ikivunjika anayelipa ni msagaji, kwa hiyo hakuwaza: mkono uliifuata.

"Simu ilipona," alisema.

Chenga aliacha kukwangua.

"Tajiri alikwenda kuwaambia watu wa hospitali kwamba nilikuwa nachezea simu kazini. Uzembe wangu, kwa hiyo yeye hahusiki. Nilikaa kwenye benchi la ofisi yake nikidai fidia mpaka wafagiaji wakanizoea. Siku zote ametoka, siku zote atarudi kesho. Sasa nachambua maharage sokoni, mkono huu unatosha, na nina amani yangu. Jana ndiyo nilitaka kujaribu tena mara ya mwisho. Baada ya kukusikia wewe nikaona heri nije huku."

"Na aliyekuwa anakupigia siku ile alikuwa nani? Mteja?"

"Tajiri. Alitaka kujua kama wateja ni wengi." Mgeni alielekeza kidevu kwenye rafu. "Ina ufa pembeni, karibu na kamera. Ndiyo hiyo hiyo."

Chenga hakuhitaji kuangalia. Ufa huo alikuwa akiugusa kwa kidole kila siku bila kujua alichokuwa akigusa.

Walifunga kifuniko. Mgeni alijipangusa unga, akaufunika tena mkono wake. Alikataa maji, alikataa kiti. Alisema hakutaka pole, pole alikuwa nazo za kutosha kufungulia duka.

"Niahidi kitu kimoja tu. Mashine ikizunguka, simu isiwe mkononi mwako wala begani mwako. Iite mpaka ichoke."

"Nimekuahidi, dada."

"Usiseme ili niondoke."

Chenga, ambaye kweli alikuwa amesema ili aondoke, aliona haya. Alimtazama machoni kwa mara ya kwanza. "Nimekuahidi," alirudia, na safari hii maneno yalikuwa na uzito wake.

Mchana mumewe alimletea chakula. Alikuwa mchora mabango, mikono yake haikuisha rangi hata sikukuu, na ndiye aliyeandika maneno yote kwenye ukuta wa mashine. Walikula wamekaa kwenye magunia, naye Chenga akamsimulia kilichotokea. Mumewe aliinua macho ukutani. Upande mmoja paliandikwa USALAMA KWANZA. Upande wa pili paliandikwa PIGA SIMU SAA YOYOTE, TUNAPOKEA PAPO HAPO.

"Niliyaandika yote siku moja, kopo moja la rangi, brashi moja," alisema. "Angenilipa neno la tatu ningeandika: Chagueni."

Chenga alicheka mpaka akapaliwa. Kisha akamuuliza afanye nini, maana chumba chenye madirisha mawili si kitu cha kuchezea. Mumewe alitafuna kwanza. Alisema chumba anakitaka, haswa, na masikio yake yamechoka kuishi na vyuma. Lakini mgongo wake una sehemu moja anayoifikia Chenga peke yake, na hakuwa tayari kukunwa na vidole viwili. Alisema hayo kwa mzaha, halafu akamshika mkewe kiganja, akakikunja na kukikunjua.

Alipoondoka, Chenga aliitia simu kwenye droo ya pesa, akaifunga, ufunguo akautundika shingoni. Mteja hakuruhusiwa kugusa simu ya kazi, hiyo ilikuwa sheria ya Tajiri tangu nyingine ilipoibwa. Na Kidomo, kijana mfungaji wa mifuko, mcheshi asiyejua kuchoka, ambaye pengine angeweza kumpokelea, alikuwa ametoka na mkokoteni kupeleka magunia.

Ndipo Tajiri mwenyewe akafika. Alisimama mlangoni kama kawaida yake ili unga usimrukie shati. Alikuwa na habari njema. Mtunza stoo wa shule kubwa ya bweni alikuwa anatafuta mahali pa kusagisha nafaka ya muhula mzima, naye amempa namba ya hapa. Atapiga mchana huu.

"Ni mtu asiye na subira," alisema. "Ukimpokea vizuri, hiyo kazi ni yetu, na wewe kesho unahamia sokoni. Ukimkosa, nitajua wewe si mtu wa usimamizi. Nitampa Kidomo."

"Nikiwa nasaga, bosi?"

"Si umezoea?"

Chenga alimwambia kwamba msagaji wa ng'ambo alikuwa amepita asubuhi. Tajiri alikunja uso, akasema yule alikuwa akichezea simu kazini, na yeye amekuwa akiwaambia usalama kwanza mpaka ameandika ukutani, sasa afanye nini tena.

"Aliyekuwa anampigia ni nani, bosi?"

Tajiri aliangalia mkono wa shati lake. Alikuta chembe ya unga, akaipangusa tena na tena, ingawa ilikuwa moja tu.

"Mteja, labda," alisema, akarudi kwenye gari.

Simu ya kwanza iliingia Chenga akiwa amemimina kwenye mashine ndoo ya mahindi ya mama mmoja. Yeye hakuisikia, na mashine ikinguruma hivyo asingeweza. Walioisikia ni walioegemea meza yenye droo. Muuza mkaa alinyoosha kidole, akapanua mdomo: simu, simu! Wengine wote wakanyoosha. Chenga alisukuma kibao cha kuzuia nafaka, akaacha mashine imeze iliyobaki kooni, akasikiliza mpaka sauti yake ikawa tupu, akazima swichi, akasubiri mkanda usimame kabisa. Ndipo akafungua droo. Simu ilikuwa imeshanyamaza.

Akapiga yeye. Mtunza stoo alikuwa na sauti ya mtu anayetia saini huku anaongea. Alisema ameambiwa hapa hupokea papo hapo. Sasa yuko na mtu, atapiga tena baadaye kidogo, na akikosa tena basi.

Chenga aliketi kwenye gunia, simu mapajani, mashine imezimwa. Angemsubiri. Alifikiri hiyo ndiyo njia ya mwenye akili, na kwa muda mfupi aliona kila kitu kimekaa sawa: ahadi huku, chumba kule, wala havigombani. Akapiga hesabu ya mapazia. Lakini foleni haikuwa na hesabu hiyo. Kuna waliokuwa wamesimama tangu mashine iliposakama asubuhi, watoto wanarudi kutoka shule na unga haupo nyumbani. Mama mwenye ndoo aliuliza kwa upole kama leo ni siku ya kusaga au ya kukaa. Muuza mkaa hakuwa na upole. Alisema kama huyo bwana wa shule ndiye mteja na wao ni kuku, basi wamwagiwe mahindi yao chini wadonoe. Watu wakacheka, na Chenga naye akacheka, kwa kuwa ilikuwa kweli. Simu ilikaa kimya kama iliyokufa.

Akaifungia kwenye droo, akawasha mashine.

Ndoo ilikuwa nusu mdomoni waliponyoosha vidole tena.

Droo ilikuwa karibu kiasi cha kuifikia bila kuhama. Ufunguo ulikuwa unamgonga kifuani. Mkono mmoja tu ungetosha, wa pili ubaki kwenye nafaka, kisha simu begani, maneno machache ya adabu, na kesho yake angeamka kwenye madirisha mawili. Alihisi bega lake la kushoto likiinuka lenyewe, limeanza kukaribia sikio, na shingo ikiinama kulipokea. Hakuna aliyeliambia lifanye hivyo. Ni hilo bega lililomwogopesha kuliko mkono ule wa asubuhi.

Alilishusha. Alisukuma kibao. Mashine ikaendelea kumeza, bila haraka, kama mzee anayekula karanga, na wale akina mama wakaendelea kunyoosha vidole, wengine sasa wanarukaruka. Aliwatazama kwa huruma, maana walimtakia mema. Sauti ikawa tupu. Akazima. Mkanda ukazunguka, ukazunguka, ukapunguza mwendo, ukasimama.

Kwenye droo simu haikuwa ikiita tena. Alipompigia mtunza stoo, namba ilikuwa inatumika, na ilipopatikana, bwana yule alisema asijisumbue, ameshapata watu walio makini na kazi.

Tajiri alipiga jua likiwa linaelekea kushuka, mashine ikiwa imezimwa ili kubadilisha wateja, kwa hiyo Chenga alimpokea papo hapo kama ukuta unavyosema. Hakumpigia kelele. Kelele ingekuwa afadhali. Alisema amesikitika, alimfikiria kuwa mtu wa mbele. Alisema Kidomo atachukua funguo za sokoni keshokutwa.

"Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nasaga, bosi."

"Na kesho nikikupigia?"

"Nikishazima mashine nitapokea."

Kisha Tajiri akasema watazungumza, akakata.

Kidomo alikuwa amerudi na mkokoteni, amesikia yote, na uso wake haukujua ukae vipi. Chenga alimpiga kofi la mgongoni, unga ukaruka. Alimwambia asimkondee, chumba ni kizuri, afungue madirisha yote mawili. Halafu akamshika shati. "Ila hiyo simu utakayopewa," akamwambia, "mashine ikizunguka usiiguse. Nitakuja kukuchungulia." Kidomo akaitika ndiyo dada, na kwa jinsi alivyotazama mikono yake mwenyewe, Chenga aliamini.

Moyo ulikuwa unamuuma kidogo, kama jino linalosubiri usiku. Alifikiria namna ya kuwaambia binti zake. Lakini chini ya maumivu hayo palikuwa na kitu kingine, kitulivu, ambacho hakukitegemea. Alikunjua vidole vyake, vyote kumi, vyeupe kwa unga, akavikunja.

"Nani anafuata?"

Alikuwa muuza mkaa. Alimimina mahindi yake bila neno, jambo lililowashangaza watu. Chenga akafunga droo, akawasha. Mashine ikaunguruma, ikapokea, ikaanza kuimba wimbo wake wa shibe.

Mahindi yalipoanza kushuka kooni, simu ikaita. Chenga hakuisikia, ila aliiona kwenye nyuso zao: macho yote yaliruka kwenye droo kwa pamoja. Huenda ni Tajiri amebadili mawazo. Huenda ameyakaza zaidi. Alisubiri vidole vinyooke.

Hakuna aliyenyoosha. Mama mwenye ndoo aliangalia paa. Muuza mkaa aliipa droo mgongo, akapanua miguu, akaushika mfuko wake mdomo wazi kwa mikono miwili, na unga wa moto ukaanza kushuka ndani yake.